Mbwa Aliyefanyiwa Upasuaji Achunguzwe Mkojo Pia

Baada ya upasuaji, wengi hukagua kidonda cha mbwa asubuhi na jioni. Mkojo husahaulika, na madhara mengine mabaya huanzia huko.

Mbwa mzima hutengeneza takriban mililita 1 hadi 2 za mkojo kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Wa kilo 20 akimaliza nusu siku bila kukojoa, lazima tujue: figo hazifanyi kazi, mkojo umezibwa, au unamwagikia tumboni?

Daktari huanza kwa kupapasa tumbo. Kibofu kilichotuna kikawa kigumu kina mkojo ulioshindwa kutoka, pengine kwa sababu ya mofini, hasa iliyochomwa mgongoni. Hapa wengi hukosea. Kibofu kilichofurika huvujisha matone, na mwenye mbwa hudhani mnyama anakojoa. Ultrasaundi huonyesha kiasi kilichobaki ndani.

Tumbo likijaa maji, tunashuku kibofu kimepasuka, hata kama mbwa bado anakojoa. Mwenye tundu dogo huweza kukojoa vizuri tu. Tunavuta maji hayo kwa sindano na kupima kreatinini yake, taka ambayo figo huitoa kwenye mkojo, pamoja na ya damu iliyotolewa wakati huohuo. Ya tumboni ikizidi ya damu mara 2, huo ni mkojo. Urea, taka nyingine ya mkojo, haituambii mengi kwa sababu hurudi haraka kwenye damu. Potasiamu ya damu nayo ipimwe mapema: ikipanda sana huvuruga mapigo ya moyo, na ni hatari kumlaza mbwa tena kwa dawa ya usingizi kabla haijashushwa.

Linalonitia hofu zaidi ni mrija wa kutoka figoni kufungwa kwa uzi kimakosa wakati wa kutoa kizazi. Ukifungwa mmoja, figo ya pili hubeba kazi yote na majibu ya damu huweza kutoka safi kabisa. Mbwa akizidi kunyong'onyea na kukataa chakula, majibu hayo yasituridhishe. Figo zote mbili zipigwe ultrasaundi, maana iliyozibwa hutanuka.

Jike anayelowesha anapolala, miezi au miaka baada ya kutolewa kizazi, mara nyingi amelegea misuli ya kuzuia mkojo. Dawa zipo, ila mkojo upimwe kwanza kama una bakteria.

Ndugu mfugaji, andika saa kila mbwa wako anapokojoa. Akichuchumaa akijikamua bila kutoa kitu, akitapika au tumbo likivimba, usingoje siku ya kutoa nyuzi. Mrudishe kliniki siku hiyohiyo.