Kabla ya Kadi, Fungua Mlango wa Pili

Mwanzoni mwa Desemba 2025 kampuni ya Micron ya Marekani ilitangaza kwamba inaachana na Crucial, jina ambalo kwa karibu miaka 30 limebandikwa kwenye ram zinazouzwa kwa watu wa kawaida. Sababu waliitaja wazi: vituo vya akili unde vinataka kumbukumbu nyingi, na kampuni imeamua kuwahudumia kwanza wateja hao wakubwa. Habari hiyo niliisoma nikaipita, mpaka nilipopata ujumbe wa kijana wa Makanyagio, Mpanda.

"Shikamoo dada. Nina HP EliteDesk 800 G2, ile ndogo ya kulaza, i5-6500, ram GB 8, haina kadi. Nacheza GTA V lakini ni nzito muda wote, hata nikisimama tu ufukweni kuangalia bahari. Nina laki moja na elfu themanini na sitapata nyingine karibuni. Fundi mmoja anasema nibadili prosesa, mwingine anasema SSD, wa tatu ana kadi ya GT 1030. Na nasikia ram zinapanda bei. Nianze na kipi?"

Marahaba, mdogo wangu. Prosesa ni nini na SSD ni nini sitaeleza. Mtu anayeandika ujumbe kama huu anajua. Nilimwomba afanye jambo moja lisilo na gharama: aingie kwenye mipangilio ya gemu, ashushe picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, kisha asimame palepale ufukweni. Nukta za picha zinashuka kutoka 2,073,600 hadi 921,600, lakini prosesa bado ina watu walewale wa kuwatembeza na magari yaleyale ya kuyaendesha. Fremu zisipopanda, aliyelemewa ni prosesa. Zikipanda, mzigo uko upande wa picha.

Zilipanda, tena vizuri. Kwa hiyo fundi wa kwanza tumemuaga. Wa SSD naye tumuage kwa heshima: SSD itafanya kompyuta iwake haraka na gemu lifunguke haraka, lakini mchezaji aliyesimama tuli akiangalia bahari hasubiri diski.

Nikamuuliza swali la pili. Hizo GB 8 ziko kwenye kijiti kimoja au viwili? Akafungua boksi, akanitumia picha. Nafasi nne za ram, vumbi jekundu la kiangazi limelala juu ya tatu, na katika ya nne kuna kijiti kimoja peke yake.

Hapo ndipo fremu zake zilipokwama.

Prosesa ya i5-6500, ya mwaka 2015, imebeba tumboni mwake kitengo cha grafiki kiitwacho HD 530. Kitengo hicho hakina kumbukumbu yake. Kila jani la mnazi, kila kivuli, kila wimbi la bahari ile, kinavichukua vyote kutoka kwenye ram ileile ambayo prosesa inaitumia kwa kazi zake. Sasa chukulia ram ni ghala la mpunga kule Mpimbwe baada ya mavuno. Ghala lina milango miwili. Katika kila mlango wanapita makuli wanane sambamba, bega kwa bega, kila mmoja na gunia moja kichwani. Gunia ni baiti moja. Makuli wanane ni zile nyuzi 64 zinazounganisha kijiti na prosesa, kwa kuwa baiti moja ni biti nane. Hawaendi kuchukua gunia moja hata siku moja. Ukiwatuma, wanapita safari nane mfululizo na kurudi na magunia 64, hata kama ulihitaji matatu, kwa sababu mwenye ghala anajua kwamba anayetaka matatu sasa atayataka ya jirani muda si mrefu.

Na wanapita kwa mwendo upi? Hapa napapenda kuliko sehemu nyingine yoyote ya kompyuta. Saa ya ram hupanda na kushuka kama mchi. Zamani ram ilitoa mzigo mara moja tu kwa kila mzunguko, kama mwanamke anayetwanga peke yake: mchi ukiwa hewani, kinu kimenyamaza. Ram za DDR ni kinu cha wanawake wawili. Mchi wa mmoja ukipanda wa mwenzake unashuka, tu-tu, tu-tu, na hakuna nusu ya mzunguko inayopita bure. Ndiyo maana DDR4 iliyoandikwa 2133 ina saa inayopiga mara milioni 1,066 kwa sekunde, na makuli wanapita mlangoni mara milioni 2,133. Zidisha kwa nane: magunia bilioni 17 kwa sekunde, kwa mlango mmoja.

Ni mengi, mpaka uhesabu walaji. Picha moja ya 1920 kwa 1080, baiti nne kwa kila nukta, ni megabaiti 8.3. Kuionyesha tu kwenye skrini mara 60 kwa sekunde ni karibu megabaiti 500, na hiyo ni picha iliyokwisha kukamilika. Kabla ya hapo nukta moja imechorwa mbingu, ikafutwa ikachorwa ukuta, ukuta ukasomewa rangi yake, ukapimwa kama uko mbele au nyuma ya gari, ukatiwa kivuli. Kila hatua ni makuli tena mlangoni. Na prosesa naye yupo kwenye foleni hiyohiyo, na magunia yake.

Kijana wa Makanyagio ana ghala lenye milango miwili, na mmoja umefungwa kwa kufuli tangu siku aliyoinunua mashine. Kijiti cha pili, katika nafasi ya upande wa pili, ndicho kinachofungua. Mlinda ghala anaanza kupanga mzigo kwa zamu, fungu hili kushoto, fungu linalofuata kulia, na makuli wa pande zote mbili wanatoka kwa pamoja: bilioni 34 kwa sekunde. Prosesa ni ileile, grafiki ileile. Kilichobadilika ni kwamba hazisubiri.

Jambo hili linastahili jina la Kiswahili. Wauzaji wanasema "dual channel", basi. Chaneli kwetu ni ya televisheni. Mkondo ni neno zuri lakini shule zimeshalichukua. Ukisema mikondo miwili mtu anaona kidato cha kwanza A na B. Mfereji unanipa maji yanayokwenda upande mmoja tu, na ram hutoa na kupokea. Mimi nasema milango pacha. Nalipenda zaidi neno pacha kwa sababu mapacha wamezaliwa pamoja lakini si lazima wafanane, na vijiti hivi navyo havilazimiki kulingana. Ukiweka GB 4 kando ya GB 8, prosesa za Intel za rika hili huzioanisha GB 4 za huku na GB 4 za kule zipite milango pacha, na zile 4 zinazobaki hupita mlango mmoja. Si kamili kama 8 na 8, lakini mwenye bajeti ya mwisho wa mwezi anapata sehemu kubwa ya faida.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia, "Lete kijiti chako cha GB 8, ongeza hela nikupe cha GB 16," kataa kwa upole. Namba imekua, kufuli liko palepale.

Na GT 1030 ya fundi wa tatu? Muulize ni ya aina gani kabla hujatoa hela. Ile iliyotoka 2017 ina kumbukumbu ya GDDR5, na mlango wake unapitisha baiti bilioni 48 kwa sekunde. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye jina lilelile, kwenye boksi la kufanana, yenye kumbukumbu ya DDR4: bilioni 16.8. Mlango huo ni mwembamba kuliko hata mmoja kati ya miwili uliyo nayo mezani. Jambo hili linaniuma, kwa sababu anayeumia ni mtu aliyeweka akiba miezi mitatu na kusoma jina la kadi akaamini. Ile ya GDDR5 ni nzuri, inakula wati 30 tu, na siku ukiipata ichukue. Wati si jambo dogo katika mji uliokaa miaka mingi nje ya gridi ya Taifa, ukiwashwa na majenereta ya dizeli. Kijiti cha ram kinakula wati chache tu.

Na kuhusu ram kupanda bei, rika la mashine yako linakusaidia. Prosesa ya 2015 haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na msaada wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Ofisi nyingi zenye kompyuta kama yako zimepata sababu ya kuziondoa, na zinapovunjwa ram hutoka nzima. Tafuta DDR4 ya mtumba, kijiti kirefu cha kompyuta ya mezani, si kile kifupi cha laptop. Bahasha inatosha kukileta kutoka Tabora au Dar. Faida itatofautiana gemu kwa gemu.

Siku ya kukifunga, chomoa waya wa umeme, ushike chuma cha boksi kwanza ili umeme tuli wa mwilini uondoke. Puliza vumbi. Angalia mchoro wa nafasi za ram ili kijiti kipya kikae upande wa mlango wa pili, maana viwili vikipangwa upande mmoja umenunua magunia bila kufungua kufuli. Sukuma mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe, kla. Kisha washa, na usiogope: skrini inaweza kukaa nyeusi kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea, pengine mpaka uanze kuifikiria pesa yako. Mashine imegundua kijiti kipya na inapima waya kwa waya, ikitafuta ni wakati gani hasa wa pigo la saa wa kupokea kila biti kutoka mlango ambao haijawahi kuutumia.