Kuflashi Simu: Nani Ameshika Ufunguo?

Simu ya kisasa haiwaki kwa nguvu za programu zinazoonekana kwenye kioo chake, kama vile WhatsApp au kamera, bali kwa maelekezo ya chini yaliyoandikwa na mtengenezaji ndani ya kumbukumbu yake ya kudumu, ambayo huamsha chipu, hukagua betri, huwasha kioo, huunganisha redio ya simu na mnara, kisha huuachia mfumo endeshi kazi iliyobaki. Maelekezo hayo ndiyo yanayoitwa programu dhibiti. Katika simu za Android, ambazo ndizo zinazozungumziwa hapa, jina hilo limepanuka hadi kujumuisha mfumo endeshi mzima pamoja na programu zote zilizopachikwa kiwandani. Kwa hiyo fundi anapomwambia mteja kwamba simu yake inataka kuflashiwa, anamaanisha kwamba mafaili hayo yote, au baadhi yake, yatafutwa na kuandikwa upya kwa kutumia kompyuta na waya wa USB.

Kumbukumbu ambamo mafaili hayo hukaa imegawanywa katika vyumba vinavyoitwa patisheni, na kila patisheni ina kazi yake isiyoingiliana na ya nyingine. Mgawanyo huo unaonekana waziwazi katika simu zenye chipu za MediaTek, zikiwamo nyingi za bei nafuu za Tecno, Infinix na itel zinazouzwa Afrika Mashariki, kwa sababu folda ya programu dhibiti ya simu hizo huwa na faili moja la maandishi ya kawaida, linalojulikana kama skata, ambalo hutaja kila patisheni kwa jina, mahali inapoanzia, ukubwa wake, na kama inapaswa kuandikwa au kuachwa. Ya kwanza huwa ni ile inayoamsha chipu yenyewe. Baadaye huja inayobeba keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi kinachozungumza na vifaa vya ndani. Kuna ya rikavari, ambayo ni mfumo mdogo wa akiba unaotumika mfumo mkuu unapoharibika. Kuna ya nembo inayotokea simu inapowashwa. Halafu huja mfumo wenyewe na, mwishoni, chumba kikubwa cha picha, namba na ujumbe wa mwenye simu. Programu ya kompyuta iitwayo SP Flash Tool husoma faili hilo la skata na kufuata kila linachosema, bila kujiuliza kama ramani iliyopewa ni ya simu iliyounganishwa au ya simu nyingine yenye chipu ya aina hiyohiyo. Hapo ndipo simu nyingi zinapofia, kwani toleo la programu dhibiti lililotengenezwa kwa kioo cha aina moja huweza kuandikwa kwenye simu ya jina lilelile yenye kioo cha kiwanda kingine, na kazi ikaishia kwenye kioo cheupe kisichoonyesha kitu.

Kuna patisheni moja ndogo, isiyozidi megabaiti chache, ambayo inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko zote, nayo ni ile inayohifadhi namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI, pamoja na vipimo vya redio vilivyowekwa kiwandani kwa ajili ya simu hiyo moja. Vitu hivyo havimo katika faili lolote la kupakua, kwa kuwa kila simu ilipewa vyake. SP Flash Tool ina chaguo la kuandika mafaili yaliyotajwa tu, na lina jirani yake la kufuta kumbukumbu yote kwanza ndipo kuandika. Anayechagua la pili kwa haraka, au kwa kudhani kwamba kusafisha zaidi ni kutengeneza zaidi, huifuta patisheni hiyo pamoja na mengine. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: simu inawaka vizuri, inaonekana mpya, lakini haishiki mtandao, na katika orodha ya mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu hutokea mmoja usiomilikiwa na jirani yeyote, wenye jina NVRAM WARNING: Err = 0x10, ambao kwa hakika ni malalamiko ya simu yenyewe kwamba imepoteza vipimo vyake. Fundi makini huisoma patisheni hiyo na kuihifadhi kwenye kompyuta kabla ya kugusa jambo jingine lolote, na mteja ana haki kamili ya kuuliza kama hilo limefanyika.

Kuirudishia simu IMEI yake ya asili, ile iliyochapwa kwenye boksi au chini ya betri, ni ukarabati. Kuipa IMEI ya simu nyingine ni jambo tofauti kabisa, linalotumiwa na wauzaji wa simu za wizi, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya Tanzania ya mwaka 2010 inalihesabu kuwa kosa la jinai. Uzito wa namba hiyo ulidhihirika Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu bandia baada ya kuwataka wananchi wabonyeze *#06#, wapate IMEI zao na kuzituma kwenda 15090 ili kujua kama simu walizo nazo ni halisi. Ubandia wenyewe mara nyingi huanzia kwenye programu dhibiti: katika mfumo wa Android kuna faili la maandishi linaloitwa build.prop, lenye mistari inayotaja jina la mtengenezaji na aina ya simu, na kwa kubadili mistari hiyo simu ya hali ya chini hujitambulisha kwa jina la simu ya bei mbaya kila inapoulizwa.

Si kila marekebisho yana nia mbaya, wala si yote yanahitaji utaalamu mkubwa. Picha zinazocheza wakati simu inawaka, kwa mfano, ni mkusanyo wa picha za kawaida zilizopangwa kwa namba ndani ya folda na kufungwa katika faili moja liitwalo bootanimation.zip, likiambatana na maandishi mafupi ambayo mstari wake wa kwanza hutaja upana, urefu na idadi ya picha kwa sekunde, mathalani 1080 1920 30, na mistari inayofuata huamua folda ipi ichezwe mara moja na ipi irudiwe mpaka simu iwe tayari. Sharti ni kwamba faili hilo lifungwe bila kubanwa. Likibanwa kama mafaili mengine ya aina yake, simu hulipuuza. Kazi ya kuchora ni nyepesi, lakini kulifikisha faili hilo mahali pake ni shughuli nyingine, kwa kuwa patisheni ya mfumo hairuhusu mtumiaji wa kawaida kuandika chochote ndani yake.

Mamlaka ya kuandika humo huitwa ruti, na historia ya kuyatafuta ilianza na simu ya kwanza kabisa ya Android, HTC Dream, iliyoingia sokoni Marekani Oktoba 2008 kwa jina la T-Mobile G1 ikiwa na kumbukumbu ya kazi ya megabaiti 192. Mwezi uliofuata iligundulika kwamba kila kilichoandikwa kwa kibodi ya simu hiyo kilipelekwa pia, bila mwenye simu kujua, kwenye mlango wa amri wenye mamlaka ya juu kabisa, kiasi kwamba aliyemwandikia mwenzake neno reboot peke yake na kubonyeza kitufe cha mstari mpya alishtukia simu ikijizima na kuwaka upya. Google iliziba kasoro hiyo upesi. Hata hivyo wapo waliorudi kwa makusudi kwenye toleo lenye kasoro, kwani kwao ule mlango ulikuwa njia pekee ya kuimiliki simu waliyoilipia, na kuanzia hapo wakaanza kuunda matoleo yao ya programu dhibiti, ambayo wapenzi wake huyaita romu.

Maarufu kuliko yote lilikuwa CyanogenMod, lililoanzishwa mwaka 2009 na mtaalamu wa programu wa Kimarekani, Steve Kondik, na likapewa jina kutokana na lakabu yake. Msingi wake ulikuwa halali, kwa sababu msimbo wa Android umetolewa wazi, na keneli ya Linux iliyo chini yake ina leseni inayomlazimu kila anayeisambaza kutoa pia msimbo aliourekebisha. Ugomvi ulizuka juu ya programu za Google zenyewe, kama duka la programu na Gmail, ambazo msimbo wake haukuwa wazi. Septemba 2009 Google ilimtaka Kondik aache kuzisambaza, na suluhu iliyopatikana ni kwamba romu itolewe bila programu hizo, naye mtumiaji ahifadhi zile alizonunua na simu yake. Mwaka 2013 mradi ulizaa kampuni, kampuni ikafunga huduma zake mwishoni mwa 2016, na wachangiaji wakauendeleza msimbo kwa jina la LineageOS, ambalo hadi leo hutolewa bila programu za Google.

Faida kubwa ya romu hizo si urembo, ingawa urembo ndio unaotangazwa zaidi, bali ni umri. Mtengenezaji anapoacha kutoa masasisho ya usalama kwa simu yenye miaka mitatu, vifaa vyake vya ndani havijachakaa. Kilichokwisha ni nia ya kuihudumia, na romu iliyotunzwa vizuri huweza kuiongezea simu hiyo miaka kadhaa ya kuwa salama. Kikwazo ni vile vipande vya msimbo uliofungwa vinavyoendesha kamera na redio, ambavyo wanaounda romu hulazimika kuvinyofoa kutoka kwenye programu dhibiti ya kiwandani, na ndiyo sababu simu iliyobadilishwa mfumo mara nyingi hupiga picha zilizofifia kuliko mwanzo.

Kabla ya romu yoyote kuingia, lazima ifunguliwe butiloda, yaani programu ndogo inayoamua ni mfumo upi uruhusiwe kuwaka. Uamuzi wake hutokana na sahihi za kidijitali: chipu hukagua sahihi ya butiloda, butiloda hukagua keneli, keneli nayo hukagua mfumo, na popote sahihi isipolingana na ufunguo wa mtengenezaji, safari hukatika. Ukaguzi huo, uliokazwa zaidi kuanzia Android 7.0 ya mwaka 2016, unamkinga mwenye simu dhidi ya mwizi na dhidi ya programu hasidi, lakini kwa kitendo hichohicho unamzuia mwenyewe kubadili kilicho chake. Kila kampuni imeamua kivyake jinsi ya kulitatua hilo. Google huruhusu butiloda za simu zake nyingi za Pixel zifunguliwe kwa amri moja, Xiaomi huweka muda wa kusubiri, Huawei iliacha kutoa namba za kufungulia mwaka 2018, na Samsung huweka ndani ya simu zake fyuzi ya kielektroniki ambayo, mara programu dhibiti isiyo rasmi inapoandikwa, hubadilika kutoka 0x0 kwenda 0x1 na hairudi tena, hata programu rasmi ikirejeshwa. Kwa kawaida kufungua butiloda hufuta data zote za mwenye simu, na hilo si adhabu bali ni busara, kwani bila hivyo aliyeiokota simu angeweza kuingiza mfumo wake na kusoma ujumbe wa mwenzake.

Gharama nyingine hujitokeza baadaye. Programu za benki huiuliza simu, kupitia huduma za Google, kama sahihi zake bado ni za kiwandani, na nyingi hukataa kufunguka zikipata jibu baya. Wajuzi hutumia zana kama Magisk, iliyoundwa na John Wu mwaka 2016, ambayo huipa simu ruti bila kugusa patisheni ya mfumo, lakini mchezo wa kujificha na kutafutwa hauna mwisho, na mtu mwenye shughuli zake hana sababu ya kuuingia. Huduma za fedha zinazopigwa kwa namba, kama *150*00# ya M-Pesa nchini Tanzania, haziathiriki, kwa kuwa hutegemea laini na mtandao, wala haziulizi kilichomo ndani ya simu.

Wengi hudhani kwamba hatari iko kwenye romu za mitaani peke yake na kwamba cha kiwandani ni safi. Juni 2019 Google ilieleza jinsi programu hasidi iitwayo Triada ilivyopenyezwa ndani ya programu dhibiti ya baadhi ya simu za Android kupitia wakandarasi wa nje waliopewa mfumo ili wauongezee vipengele, kabla ya simu hizo kufika dukani. Programu ya namna hiyo haiondoki kwa kuirejesha simu katika hali ya kiwandani, kwa maana kiwandani ndiko ilikotoka. Dawa yake ni kuandika programu dhibiti safi juu yake. Vilevile faili lililopakuliwa kutoka kusikojulikana huweza kubeba mzigo uleule, na kwa vile butiloda iliyo wazi haikagui sahihi ya kiwanda, hakuna cha kuuzuia mzigo huo.

Kuifunga tena butiloda huku romu ya nje ikiwa ndani ni kosa linaloua simu nyingi, kwani ukaguzi hurudi, ufunguo haulingani, na simu hukataa kuwaka. Pixel ni miongoni mwa simu chache zinazokubali jambo la tatu: mwenye simu anaweka mfumo mwingine, kwa mfano GrapheneOS, anaiingizia simu ufunguo wa waliousaini mfumo huo, kisha anaifunga. Ukaguzi wa sahihi unarudi ukiwa kamili, ila kwa ufunguo ambao mwenye simu amechagua kuuamini, na kila simu inapowaka hutoa onyo la rangi ya manjano kwamba inapakia mfumo tofauti, halafu inaendelea. Chipu yenyewe inaweza kumthibitishia yeyote anayeuliza kwamba butiloda imefungwa na kumtajia ufunguo uliotumika, hivyo benki ingeweza kuukubali ufunguo huo kama inavyoukubali wa kiwandani. Waundaji wa programu waliokwishafanya hivyo bado ni wachache.