Breli ya Kompyuta katika Nyanda za Gusii

Breli, au maandishi ya nukta nundu, hujengwa kwa seli ya nukta sita zilizopangwa safu mbili wima, tatu kila safu. Nukta zinazoinuliwa na zinazoachwa bapa hutoa maumbo 63, na nafasi tupu hukamilisha 64. Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alichapisha mfumo huo mwaka 1829, karne moja na zaidi kabla ya kompyuta kuwapo. Hata hivyo, hesabu hiyo ndogo ndiyo inayofanya breli ielewane na kompyuta kwa urahisi: kila umbo hupewa alama moja ya kawaida ya kibodi, na kitabu kizima huwa faili jepesi la maandishi. Faili la namna hiyo huitwa BRF. Akilifungua mtu asiyejua breli, huona herufi zilizochanganyika na koma na vistari. Printa ya breli huliona kama orodha ya nukta za kupiga.

Katika madarasa mengi ya Kenya chombo kikuu bado ni taipureta ya Perkins, iliyobuniwa na David Abraham huko Marekani na kuanza kuuzwa mwaka 1951. Ni mashine ngumu isiyohitaji umeme, lakini hutoa nakala moja tu. Mwalimu mwenye wanafunzi wanne wasioona huchapa mtihani uleule mara nne, na kosa la mstari wa mwisho huweza kuharibu karatasi nzima. Kompyuta huondoa kazi hiyo ya kurudia. Tena mtu aliyezoea Perkins hahitaji kujifunza kuchapa upya: zipo programu za bure, kama Perky Duck, zinazogeuza vibonye F, D na S kuwa nukta ya 1, 2 na 3, na J, K na L kuwa nukta ya 4, 5 na 6. Sharti ni kibodi inayoweza kutambua vibonye sita vikibonyezwa kwa pamoja, na kibodi nyingi za bei rahisi hushindwa hapo.

Hata hivyo, njia ya kawaida huanza na maandishi ya macho. Matini huchapwa au huskaniwa, vichwa vya habari hutiwa mitindo ya vichwa badala ya kukozwa wino tu, kisha hupelekwa kwenye programu ya kutafsiri breli. Mbili zinajulikana zaidi: Duxbury, ya kulipia, iliyotoka katika kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1975, na Liblouis, ya bure, inayofanya kazi ndani ya programu nyingine nyingi.

Hapa ndipo kaunti za Gusii, Kisii na Nyamira, zinapoipa kompyuta mtihani. Mtoto wa kaunti hizi husoma Kiingereza na Kiswahili shuleni, na nyumbani na kanisani hukutana na Ekegusii, lugha ya Wagusii. Breli ya Kiingereza ina vifupisho vingi: seli moja husimama badala ya “the”, nyingine badala ya “and”, “sh”, “ch”, “en” au “er”. Mchapaji akisahau kubadilisha lugha, programu haitalalamika. Neno “andika” litatoka kwa seli nne badala ya sita, na “thelathini” litabanwa kutoka herufi kumi hadi seli sita. Neno la Ekegusii “enchera”, yaani njia, litabaki seli nne. Msomaji mzoefu wa Kiingereza atakisia. Mtoto wa darasa la pili atadhani hajui kusoma.

Kwa Kiswahili dawa ipo, kwa kuwa Liblouis ina majedwali ya Kiswahili cha Kenya, ya herufi kwa herufi na ya vifupisho. Kwa Ekegusii njia salama ni breli isiyofupishwa, kila herufi kwa seli yake. Inakula karatasi zaidi, lakini haipotoshi. Na faida yake si ndogo. Kisoma-skrini kama NVDA, yaani programu inayotamka maandishi ya skrini, hutegemea sauti ya lugha husika. Sauti ya Kiswahili ipo, ilhali Ekegusii ikisomwa kwa sauti ya lugha nyingine hutoka kama kichekesho. Breli haihitaji sauti. Inachohitaji ni tahajia safi, na skana hupenda kudondosha kiapostrofi cha “ng'ombe” na “eng'ombe”, neno likabaki kitu kingine kabisa. Ndiyo maana faili hupaswa kusahihishwa na msomaji wa breli mwenyewe kabla ya kupigwa chapa. Hatua hiyo ndiyo hurukwa mara nyingi, na hakuna mashine inayoziba pengo lake.

Printa ya breli haina wino. Pini ndogo hugonga karatasi nene na kuinua nundu za takriban nusu milimita. Printa za kampuni ya Index ya Uswidi hupiga pande zote mbili za karatasi, nundu za upande mmoja zikipita katikati ya zile za upande wa pili. Kwa kasi ya alama 100 kwa sekunde, ukurasa wa mistari 25 yenye seli 40 huchukua kama sekunde kumi, kwa kelele isiyovumilika darasani. Ukurasa mmoja wa kitabu cha kawaida huzaa kurasa mbili au tatu za breli.

Hali ya hewa ya Gusii nayo ina lake. Mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na karatasi iliyofyonza unyevu hutoa nundu laini zinazolala baada ya kusomwa mara chache. Marobota ya karatasi huhifadhiwa juu ya mbao, mbali na ukuta. Radi za Kisii zina sifa Kenya nzima, hivyo printa huchomolewa wingu la alasiri linapokusanyika.

Vitabu vingi vya breli nchini hutoka Nairobi, katika Kenya Institute for the Blind, na karatasi za mitihani ya kitaifa hutayarishwa na baraza la mitihani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza matumizi ya breli sambamba na lugha za kiasili. Kwa maana hiyo taarifa ya bajeti ya kaunti kwa Ekegusii ya breli si jambo la ajabu. Kiufundi ni faili moja na alasiri moja ya kazi.

Kwa usomaji wa kila siku, karatasi imepata mshindani. Kifaa cha Orbit Reader, ambacho shirika la Kilimanjaro Blind Trust Africa limekigawa katika shule za Kenya, husoma faili la BRF kutoka kadi ya kumbukumbu na kuinua seli 20 kwa wakati mmoja. Hadithi husomeka vizuri humo. Jedwali la hesabu au ramani ya Ziwa Victoria haienei katika mstari mmoja wa seli 20, na kwa hizo bado hutafutwa karatasi kavu.