Kituo cha wageni Manga: Nani atashika kiingilio?

ANAYEPANDA ukingo wa Manga asubuhi isiyo na ukungu huuona mji wa Kisii ukiwa umelala chini yake, na upeo wa macho ukiwa mzuri, maji ya Ziwa Victoria humetameta kwa mbali. Ni katika ukingo huo ambapo kuna Ngoro ya Mwaga, shimo ambalo Abagusii wamelisimulia kizazi baada ya kizazi.

Kaunti ya Nyamira haina mbuga ya kitaifa. Ikitaka watalii, sharti iwavutie kwa vilima vyake: Manga, Kiabonyoru, Nkoora na vinginevyo. Ndiyo maana wazo la kujenga kituo cha kuwapokea wageni, penye ukumbi mdogo, vyoo, maelezo ya historia na mahali pa kununua kinyago cha mawe ya Tabaka, ni wazo linalostahili kuchunguzwa kwa makini.

Ardhi huku ni haba mno. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira, sawa na watu 675 katika kila kilomita mraba. Familia yenye ekari moja hupanda chai, mahindi na ndizi, na pembeni huweka mikaratusi kwa kuwa mkaratusi hukua upesi na huuzwa. Katika hali hiyo, kilima kilichoachiwa miti ya kiasili kisipomletea jirani chochote, jirani huyo atakitazama kama shamba lililolala.

Kwa kawaida mjadala wa kituo huanza na jengo: ramani, mawe, mabati na harambee. Kusema kweli, fedha za jengo la wastani si muhali kupatikana. Mpango wa Ruzuku Ndogo wa Hazina ya Mazingira Duniani, unaosimamiwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, umekuwa ukifadhili vikundi vya jamii nchini tangu miaka ya 1990. Kwa miaka mingi kiwango chake cha juu kilikuwa Dola 50,000, yaani takriban Sh6.5 milioni kwa thamani ya shilingi ya 2025. Kikundi kinachoomba sharti kiwe kimesajiliwa, na tangu 2022 kuna sheria mahususi ya usajili wa vikundi vya jamii.

Kinachosumbua ni mwaka wa tatu. Harambee hujenga ukuta, lakini ni nadra kusikia harambee ya mshahara wa bawabu. Ruzuku nazo zina mwisho. Baada ya hapo paa huvuja, choo hufungwa, na mgeni aliyekuja mara moja harudi.

Fedha za kuzuia hali hiyo ni kiingilio. Hapa ndipo Katiba inapoingia. Kifungu cha 207 kinasema kwamba fedha zote zinazokusanywa na serikali ya kaunti, au kwa niaba yake, zitiwe katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile zilizotengwa na sheria ya Bunge. Maana yake ni kwamba mgeni akilipa Sh200 langoni na karani wa kaunti akazipokea, shilingi hizo hazibaki Manga. Huenda kuungana na ushuru wa soko na ada za leseni, kisha zingoje bajeti. Hospitali za umma ziliteseka kwa utaratibu huo huo hadi Bunge lilipopitisha sheria ya 2023 inayoziruhusu kubaki na mapato yao. Vilima havijatungiwa sheria kama hiyo.

Njia mbili zimesalia. Kwanza, Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, katika kifungu cha 116, huruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya Bunge la Kaunti, na mapato ya mfuko huo kubaki ndani yake. Pili, kiingilio kinaweza kukusanywa na jamii yenyewe.

Njia hii ya pili imejaribiwa Pwani. Katika Hori ya Mida, karibu na Watamu, shirika la A Rocha Kenya lilianzisha mwaka wa 2001 mpango wa kuunganisha utalii na karo. Ilijengwa njia ya mbao inayoning'inia kupita katikati ya mikoko, urefu wa mita 260 hivi, ikiishia kwenye kibanda cha kutazamia ndege. Ada ya mgeni husaidia kuwalipia karo wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mzazi ambaye mwanawe yuko darasani kwa sababu ya msitu ana sababu ya kuuliza anapousikia msumeno usiku.

Kuhusu ardhi, mfano ulio karibu zaidi na Manga ni Kaya Kinondo, Kwale. Nayo ni mahali patakatifu. Imo miongoni mwa kaya za Mijikenda zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2008, na kabla ya hapo serikali ilikuwa imeanza, mnamo 1992, kuzitangaza kaya kuwa turathi za kitaifa. Mgeni huingia Kinondo akiongozwa na wenyeji, akiwa amejifunga kitambaa cheusi, na kwa masharti ya wazee. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inatoa fursa ya kupatangaza mahali pengine vivyo hivyo, na tangazo hilo huwapa wafadhili kitu cha kushika, kwani hakuna anayetoa mamilioni kujenga juu ya ardhi inayogombewa.

Na Manga iko mpakani. Upande mmoja ni Nyamira, upande wa pili Kisii. Wafanyabiashara wa mji wa Keroka, uliopasuliwa na mpaka huo huo, wameshuhudia tangu ugatuzi uanze mwaka wa 2013 jinsi kaunti hizo mbili zinavyozozania haki ya kuwatoza ushuru.