Linux: kioo kikiwa cheusi, si lazima kompyuta imekufa

Wanaojitengenezea kerneli ya Linux, moyo wa mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds kule Finland mwaka 1991, wengi wanatafuta nafasi zaidi ya maandishi. Kwa kawaida ya zamani, VGA, kioo kinabeba mistari 25 yenye herufi 80 kila mmoja. Kwenye mashine za BIOS, amri vga=791 inakipandisha hadi nukta 1024 kwa 768: mistari 48, herufi 128.

Lakini kama vesafb na konsoli ya freimubafa hazikuwekwa ndani ya kerneli hiyo, kioo kinabaki cheusi, hata mashine ikiendelea kufanya kazi. Ndiyo maana wazoefu hawafuti kerneli ya zamani: wanaiacha kwenye menyu ya kuwashia, ili wapate pa kurudia.