Mtambo au mabwawa? Tufikiri kabla ya kuchangia



Juzi nimepata ujumbe wa wanafunzi wa zamani wa shule niliyosoma, shule ya bweni kijijini. Shimo la majitaka linafurika, maji yanateremka hadi kwenye kijito wanachochota wanakijiji. Tunaombwa tuchangie mtambo wa kisasa, wenye pampu na mashine za kupuliza hewa. Nia ni njema kabisa. Ila kabla hatujatoa pesa, naomba mnisikilize kidogo.

Mitambo ya namna hiyo huku ipo tele. Kusini ya Jo'burg, katika manispaa ya Emfuleni, vituo vya pampu viliharibika, majitaka yakatapakaa mitaani na kuingia mto Vaal, mpaka mwaka 2018 jeshi likapelekwa kusaidia. Ripoti ya serikali ya mwaka 2022 ilikuta mifumo 334 ya majitaka nchini iko mahututi. Na hii ni nchi yenye viwanda na mainjinia! Sasa pampu ikiungua kijijini kwetu, fundi atatoka wapi? Na bili ya umeme nani atalipa?

Njia nyingine ni mabwawa, kama yale ya Mabogini kule Moshi. Hayahitaji pampu kama ardhi ina mteremko. Bwawa la kwanza ni la kina kirefu, uchafu mzito unatuama na bakteria wasiohitaji hewa wanaumeng'enya. La pili lina kina cha kama mita moja na nusu. Humo mwani unatumia jua kutoa oksijeni, nayo inawalisha bakteria wengine. Ya mwisho ni mafupi, na jua pamoja na maji kuwa na alkali nyingi vinaua vijidudu. Mayai ya minyoo yanazama njiani.

Tupige hesabu. Wanafunzi 500, kila mmoja lita 80 kwa siku, ni mita za ujazo 40. Maji yakikaa siku 20, tunahitaji ujazo wa 800. Kwa kina cha wastani wa mita 1.2 ni kama mita za mraba 670, yaani pungufu ya robo ekari, bila kuhesabu kingo. Kwenye baridi ya milimani siku ziongezwe.

Lakini jamani, mabwawa nayo yanataka matunzo. Chini pashindiliwe udongo wa mfinyanzi, la sivyo visima vitachafuka. Nyasi za kingoni zifyekwe, maana ndimo mbu huzaliana. Uzio uwepo, watoto wasizame. Na baada ya miaka michache tope litolewe, kwa hiyo fungu lake litengwe tangu mwanzo.

Kwa hiyo mimi nitachangia, ila kwanza tuiulize kamati maswali mawili: ardhi ipo? Na nani atafyeka nyasi sisi tukishasahau?

Nawasilisha.