Mshelisheli wa Uani

Unguja na Pemba, nyumba yenye mshelisheli uani haili peke yake. Mti ukizaa huzaa kwa mkupuo, na tunda lenyewe halina subira: likishachumwa, siku mbili tatu limeshalainika. Muhogo ukiuacha ardhini utakungoja, shelisheli halikungoji. Naamini ndiyo maana mtoto hutumwa mapema: “Kampelekee bibi yako wa nyumba ya pili, mwambie mti umezaa.”

Asili ya mti huu ni visiwa vya Pasifiki. Nahodha William Bligh aliufikisha Karibi mwaka 1793 ili uwe chakula rahisi cha watumwa. Kwetu umekuwa mti wa ujirani, na hata mche wake hupatikana kwa kuombana. Mashelisheli yetu hayana kokwa, hivyo anayeutaka mti hupiga hodi kwa mwenye nao. Mzizi ulio juu juu hukwanguliwa, kidonda kikachipua; chipukizi likipata nguvu hukatwa na kipande cha mzizi wake, likapandwa masika yanapoanza. Miti ya mtaa mzima yaweza kuwa imetoka kwenye mzizi mmoja.

Shelisheli lililokomaa hujulikana kwa utomvu mweupe uliokaukia kwenye ganda na kijani kilichoanza kuingia manjano. Hukatwa kwa kingoe, na chini watu wawili hukinga gunia, kwani likianguka hupondeka. Kisha hulazwa kikonyo chini, utomvu umalizike.

Ramadhani ndipo linapopata heshima yake. Humenywa, moyo ukatolewa, vipande vikachemshwa kwa chumvi na tui la kupopolea. Tui la kasimile hutiwa mwisho, moto mdogo, lisije likakatika. Wapo wanaotia sukari na hiliki. Mimi nalipenda la chumvi, na nguru wa kukaanga pembeni. Kabla ya adhana ya magharibi, sahani zilizofunikwa kawa hupishana njiani, na ya jirani hairudishwi tupu.

Sasa viwanja vinagawanywa, kuta zinapanda, na mshelisheli hukatwa kwa kuogopa mizizi isipasue msingi. Inaniuma. Anayejenga autazame mti kwanza, ndipo apime nyumba. Ikiwa hapana budi, basi kabla ya shoka achimbue mizizi yenye unene wa kidole gumba au zaidi, aikate vipande vya shubiri moja moja, aifukie kwenye mchanga wenye unyevu kivulini. Itachipua, naye awagawie majirani.